Sura ya Saba: Honi ya Mbeba Ndizi

Mkungu wa ndizi uliokomaa vizuri hufika kilo 20, mara nyingi 30. Baiskeli inayotoka Buhembe alfajiri kwenda sokoni Bukoba hubeba mikungu mitatu au minne: miwili imening'inia ubavuni mwa keria, mmoja umelazwa juu yake, na kama mwenye mzigo ana haraka ya fedha, wa nne unapachikwa kwenye fremu. Ukijumlisha mzigo huo, baiskeli ya chuma na mtu mwenyewe, unapata kitu kizito kuliko pikipiki tupu. Hakina injini, hakina taa ya breki, na kinapoanza kuteremka hakisimami kwa sababu tu mtu ametaka kisimame.

Buhembe ni kata ya Manispaa ya Bukoba, lakini ni mojawapo ya zile kata ambazo mji haujaufukuza mgomba. Nyumba bado inazungukwa na kibanja, migomba na mibuni imechanganyika, na kutoka uani hadi kwenye lami ni hatua chache. Mji wenyewe uko chini, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na vilima vimeuzunguka. Kwa hiyo mbeba ndizi huanza siku yake kwa kushuka. Safari ya kurudi, akiwa hana mzigo, ndiyo ya kupanda. Ardhi imempangia hatari yake kwa namna hiyo: uzito wote uko kwenye mteremko.

Tena Bukoba ni mji wa mvua. Mwaka mmoja unaweza kuleta karibu milimita 2,000, na asubuhi nyingi huamka na lami inayong'aa. Baiskeli hizi nyeusi na nzito, za asili ya Uingereza, India na China, zina breki za vyuma vinavyovuta raba mbili kwenye rimu. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza, na sehemu kubwa ya nguvu ya breki hupotea. Ndiyo maana utamwona mwendeshaji akishusha mguu na kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi. Watu wa mjini hudhani ni mazoea ya kizembe. Ni breki ya tatu, na asubuhi ya mvua pengine ndiyo ya kwanza.

Sasa mtu huyu anafika penye magari. Kuna Hiace na Noah zinazosimama popote abiria alipoinua mkono. Kuna bodaboda na bajaji zinazochomekea. Kuna malori ya barabara kuu, yale yanayokwenda na kurudi kati ya mpaka wa Mutukula na njia ya Muleba na Biharamulo. Gari linatoka barabara ya pembeni, dereva ametazama kulia na kushoto na hakuona gari lolote, kwa hiyo anaingia. Mbeba ndizi amemwona. Yeye hajaonekana. Je, awe na honi ya kumshtua dereva yule, honi kubwa kama ya gari?

Nasema ndiyo, awe nayo. Lakini nasema ndiyo nikiwa nimezisikia hoja za wanaokataa, na nyingi ni nzito. Sura hii inahusu masharti ya hiyo ndiyo.

Tuanze na sauti alizonazo tayari. Ya kwanza ni mdomo. "Mama, nakupita kulia!" "Mzee, pisha, nina mzigo!" "Wanafunzi, kando, kando!" Katika maneno hayo mawili matatu mtu amesema yeye ni nani, anapita upande gani, na anamheshimu yule aliye mbele yake. Hakuna chombo kinachofanya hayo yote. Mama anayeitwa mama hasogei kwa hofu, anasogea kwa kuelewa, tena anajua asogee wapi. Sauti ya pili ni kengele. Inasema jambo moja tu, kwamba baiskeli inakuja. Kila mtu anaijua, mtoto wa chekechea na bibi wa miaka 80, na haimwumizi mtu. Kwa waenda kwa miguu sauti hizi mbili zinatosha, na mwendeshaji anayewapigia watu hao honi ya gari anafanya uonevu uleule anaofanyiwa yeye na lori.

Ila ndani ya gari mdomo haufiki, na kengele haifiki. Hapa inabidi tuhesabu kidogo, kwa kuwa mabishano kuhusu honi huendeshwa kwa hasira tupu ilhali majibu yanaweza kupimwa.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kengele nzuri ya baiskeli, ukiwa mita moja kutoka kwake, hutoa kama desibeli 85. Kwenye uwazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mita 8 mbele imebaki 67. Vioo vya gari vikiwa vimefungwa, mwili wa gari hula desibeli nyingine 25 au zaidi, kwa hiyo dereva anabakiziwa kama 40. Hiyo ni sauti ya chumba tulivu, nayo inaingia mahali penye mngurumo wa injini, feni ya kiyoyozi na redio. Hasikii kitu. Isitoshe, kengele hulia kwa sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo masikio ya mtu mzima hupoteza kwanza kadiri umri unavyosonga. Honi za magari hulia chini zaidi, karibu na hezi 400 au 500, na sauti nene ya namna hiyo hupenya vioo na bati kwa urahisi zaidi.

Watengenezaji wa honi kubwa za baiskeli waliona pengo hilo. Ipo AirZound, chupa ya plastiki inayojazwa upepo kwa pampu ileile ya tairi, iliyotangazwa kuwa na desibeli 115. Ipo Hornit ya Uingereza, inayotumia betri, iliyotangazwa kuwa na 140. Sokoni kwetu mtu hahitaji majina hayo. Fundi anayejua kazi yake anaweza kufunga honi ya pikipiki na betri chini ya keria, na siku hiyohiyo baiskeli ikalia kama bodaboda.

Tuichukue ile ya 115. Mita 8 mbele imebaki 97 nje ya gari na 72 ndani. Dereva anaisikia, hata redio ikiwa inacheza. Mita 16 mbele, ndani ya gari, imebaki 66 na inaanza kumezwa na kelele za gari lenyewe. Mita 35 mbele imebaki chini ya 60, na dereva mwenye redio anaweza asiisikie kabisa. Kwa gari lililofunga vioo, basi, honi kubwa ina himaya ya mita 15 hadi 20. Mbele ya hapo ni bahati.

Weka umbali huo kando ya umbali mwingine: ule ambao gari linauhitaji ili lisimame. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu jambo limfikie hadi mguu ukandamize breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi Tanzania, gari huenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ni mita 21 kabla breki haijaguswa, kisha mita 14 nyingine za kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 30 kwa saa, jumla ni mita 17 au 18.

Hapo ndipo jibu lote lilipo. Honi kubwa kwenye baiskeli husikika ndani ya gari kwa umbali unaokaribiana na ule ambao gari la kilomita 30 kwa saa linahitaji kusimama. Gari likiwa kwenye 50, sauti inamfikia dereva akiwa ameshachelewa. Likiwa kwenye 80, kama yalivyo mengi kwenye vipande vilivyonyooka nje ya mji, honi haina kazi yoyote ila kumjulisha dereva kile anachokwenda kukigonga. Yeyote anayetaka honi iokoe watu Bukoba hana budi kutaka pia magari yapunguze mwendo, kwa maana honi yenyewe inategemea mwendo huo.

Vioo navyo vina sehemu yao. Hiace iliyojaa abiria hutembea madirisha wazi; kondakta ananing'inia mlangoni, na ukipiga honi yeye ndiye wa kwanza kugeuka. Bodaboda yuko nje kabisa, labda masikio yamefunikwa na helmeti. Lori kuukuu lina injini inayofunika kila sauti, lakini mara nyingi kuna utingo aliyetoa kichwa dirishani. Asiyesikia ni yule wa gari jipya, vioo juu, kiyoyozi, simu. Gari kadiri linavyokuwa ghali ndivyo linavyomtenga dereva wake na barabara, na ndivyo mbeba ndizi anavyohitaji sauti kubwa zaidi ili awepo kwake. Sioni haki katika kumwambia mtu wa baiskeli atulie kwa kengele yake huku magari yakijengwa mahsusi ili kengele isiingie.

Haya, wanaokataa wanasemaje?

Wanasema honi huwashtua watu, na aliyeshtuka hafikiri. Ni kweli. Sauti kali ya ghafla humfanya mtu afumbe macho, akunje mabega, agande kwa nukta moja, kisha aruke upande wowote, pengine mbele ya baiskeli yenyewe. Pembeni mwa soko, ambako watu wamebeba vikapu kichwani na watoto mgongoni, honi ya desibeli 115 kwenye kimo cha sikio la mtoto ni madhara. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na wengi wao hupunguza muda huo kwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Fikisha 115, na muda salama wa siku nzima haufiki hata dakika moja. Kuhusu honi inayotangazwa kuwa na 140, nasema bila kusita isifungwe kwenye baiskeli yoyote. Kiwango hicho hudhuru sikio papo hapo, na sikio lililo karibu zaidi na honi ni la mwendeshaji mwenyewe.

Wanasema pia kwamba kidole kinachotafuta honi kimeacha breki. Hili hulizungumzi ukiwa umekaa kitini, ila mtu aliyeteremka na mzigo analijua. Mkono mmoja unazuia usukani usivutwe na uzito, mwingine uko kwenye breki, mguu uko kwenye tairi. Kitufe cha honi kikiwa mahali pa kukinyooshea mkono, kimeongeza hatari. Kinapaswa kukaa pale dole gumba linapolala, ili honi na breki vikandamizwe pamoja. Ikishindikana kufungwa hivyo, afadhali apaze sauti yake.

Hoja yao ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote: honi haimsaidii mtu dhidi ya kile asichokiona. Gari linalomgonga mwendesha baiskeli kwa nyuma, usiku, barabara ya nje ya mji, halikupigiwa honi kwa kuwa hakuna aliyejua linakuja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na katika kila vifo 100 vya namna hiyo, sita ni vya waendesha baiskeli. Dhidi ya gari la nyuma kinachosaidia ni kuonekana: taa nyekundu, kiakisi mwanga kwenye madigadi, hata kipande cha kitambaa cheupe juu ya mikungu. Mikungu minne ya ndizi mbichi gizani haina rangi. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, kati ya honi na taa ya nyuma, anunue taa.

Honi inasaidia katika visa vichache, na vyote vina sura moja: wewe umemwona dereva, yeye hajakuona, na anaingia njia yako taratibu. Gari linalotoka barabara ya pembeni. Mlango unaofunguliwa upande wa barabara. Gari linalorudi nyuma kutoka dukani. Hiace inayoondoka kituoni bila kutazama kioo. Kwenye kipilefti cha Rwamishenye, ambako njia hukutana na kila mmoja anatafuta upenyo, visa vya aina hii haviwezi kukosekana. Ni vichache kwa orodha, lakini mtu anayeshuka na kilo 100 hukutana navyo mara kadhaa kabla hajafika sokoni, na katika kila kimoja gari liko kwenye mwendo mdogo. Kwa maneno mengine, ni ndani ya zile mita 20.

Ninayemwogopa zaidi ni yule atakayenunua honi na kuizoea. Katika vijiji vya Buhaya, kama kwingi kandokando ya Ziwa, yowe lilikuwa na sheria yake. Likipigwa usiku, jirani alitoka na panga lake bila kuuliza, na ambaye hakutoka alidaiwa maelezo. Kwa sababu hiyohiyo halikupigwa kwa mchezo. Anayelia yowe pasipo jambo angelia peke yake siku ya jambo. Honi za magari yetu zimeshapoteza hadhi hiyo. Inapigwa honi kumwita abiria, kumsalimu rafiki, kumhimiza aliye mbele kwenye foleni, kushangilia mpira. Dereva anayesikia honi mia kwa asubuhi hageuki kwa ya mia na moja. Baiskeli zikiingia kwenye mkumbo huo zitakuwa zimenunua kelele na kukosa usalama.

Kwamba mji unaweza kuishi bila honi nyingi, tuna ushahidi. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, ulipiga marufuku honi zisizo za lazima kuanzia mwaka mpya wa Kinepali, Aprili 2017. Ni mji wa pikipiki nyingi na barabara nyembamba, ambao wengi wangeapa hauwezi kutembea bila honi, na uliendelea kutembea. Japani, sheria ya barabarani inamkataza hata mwendesha baiskeli kupiga kengele pasipo sababu. Kuwapigia watu ili wakupishe ni kosa. Sisemi tuige hilo la Japani. Kwenye mteremko wenye matope, kengele ni adabu. Ninachokitaka kutoka huko ni wazo kwamba sauti barabarani inaweza kuwekewa masharti ya matumizi, wala si masharti ya ukubwa peke yake.

Tanzania tayari ina mahali pa kuanzia. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zimeweka viwango, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linazisimamia. Halmashauri za miji nazo zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Bukoba inaweza kuandika yake kwa lugha ambayo mbeba ndizi ataielewa akisomewa mara moja. Baiskeli ya mzigo inaruhusiwa honi ya umeme ya ukubwa wa ile ya pikipiki, siyo ya upepo, siyo ya king'ora, siyo ya muziki. Iwe nyongeza ya kengele, wala isiwe mbadala wake. Ipigwe kwa chombo cha moto na isipigwe kwa mtu anayetembea. Isipigwe usiku, wakati ambao taa inafanya kazi bora zaidi. Na mafundi baiskeli wa mji waitwe, waoneshwe kitufe kifungwe wapi.

Lakini sheria hiyo peke yake itakuwa imemwachia mtu mnyonge kuliko wote kazi ya kujilinda. Dar es Salaam, barabara ya mwendokasi ilipofunguliwa mwaka 2016, ilikuja na njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Ni hatua kubwa, ingawa sehemu nyingi za njia hizo zimegeuzwa maegesho ya bodaboda na meza za biashara, na waendesha baiskeli wamesukumwa tena kwenye magari. Jijini humo pia shirika la Amend lilifanya kazi iitwayo SARSAI kwenye barabara za shule: matuta, vivuko, njia za miguu, alama. Vitu vidogo, vya bei nafuu, vilivyolazimisha magari yapunguze mwendo pale watoto wanapopita. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya miji ya WRI Ross. Hakuna mtoto aliyepewa honi.

Bukoba, iliyo ndogo kuliko Dar, inaweza kufanya hivyo kwa wepesi zaidi. Miteremko ambayo baiskeli za mzigo hutumia inajulikana; muulize mama yeyote anayenunua ndizi kwa jumla, atakutajia njia na saa. Kwenye miteremko hiyo ukomo uwe kilomita 30 kwa saa, matuta yawekwe kwenye barabara za pembeni kabla hazijaingia kwenye kuu ili gari lisimame kwanza, na bega la barabara lipigwe lami kwa upana wa baiskeli yenye mikungu ubavuni, ambao ni mkubwa kuliko wa baiskeli tupu. Mifereji ifunikwe, kwa sababu leo mtu anayekwepa gari anaangukia ndani yake.

Nani alipe? Kila mkungu ukishauzwa ndani ya soko huacha kitu: ushuru wa meza, ushuru wa eneo, tozo ya choo, riziki ya wachukuzi na mama ntilie wanaoupika mchana ule ule. Mji unakula kwa mabega ya wabeba ndizi tangu alfajiri. Bajeti ya halmashauri inapoandaliwa, diwani wa Buhembe na wenzake wa kata zenye migomba wana sababu ya kusimama na kudai mita mia chache za bega la barabara kwenye mteremko mmoja uliotajwa kwa jina, kabla ya msimu wa mvua za vuli.